Dawa Iliyosubiri Mkasi

Ninyi mnaokaa katika nchi ambazo daraja likikamilika watu wanapita tu juu yake kama mbuzi waliofunguliwa, sogeeni niwaelimishe. Sisi wa Jamhuri ya Utepeni ni watu wa utaratibu. Kwetu kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Kisima kikichimbwa, maji yakatoka, yakafurika mpaka barabarani, hayo bado si maji. Ni umajimaji unaosubiri mgeni rasmi. Atakuja na msafara, atakata utepe, atahutubia saa mbili, atainua kikombe mbele ya wapiga picha na kujifanya anakunywa. Hapo ndipo yatakuwa maji, na akina mama wataruhusiwa kusogeza ndoo.

Daraja letu la Mto Kiwewe lilikwisha kujengwa miaka minne iliyopita. Wananchi wanavuka chini yake, maji kifuani, nguo kichwani, na wakifika katikati wanainua macho kulisifu. Mwaka jana mamba alimchukua mwalimu wa hesabu palepale kivulini mwa daraja. Serikali ilituma rambirambi na kuwakumbusha wananchi walitunze daraja, maana ni mali yao.

Mimi naitwa Maganga, mpanga viti mkuu wa Hospitali Kuu. Msicheke. Ukimkalisha mkuu wa wilaya nyuma ya mkurugenzi, unaweza kuamka kesho huna kazi. Nimepanga viti vya uzinduzi wa mashuka, vya uzinduzi wa ndoo za kudekia, na safari moja nilipanga viti mia tatu vya uzinduzi wa mpango mkakati wa kuboresha uzinduzi. Kazi hiyo nilikuwa naipenda. Nasema ukweli, nilikuwa naipenda.

*

Basi dada yangu Nyamizi, ambaye ni fundi cherehani, alikanyaga msumari. Mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Kidonda kikavimba, kikalazwa pamoja na mwenyewe katika Wadi Namba Sita, na Wadi Namba Sita ina vijidudu vyenye uzoefu kuliko madaktari. Vidonge vyote wameshavionja na kuvizoea. Unameza kidonge, vijidudu vinasema karibu.

Daktari wa upasuaji alikifunua kidonda, akaninong'oneza pembeni: "Siku kumi na nne, Maganga. Kisipokauka, nakata chini ya goti. Nikingoja zaidi ya hapo, utapanga viti vya msiba."

Sasa, nyuma ya jengo la dobi la hospitali kuna mpera, na katika maabara kulikuwa na Sikudhani. Mwanamke mfupi, mkavu, mdomo wake hauna breki, na ndiyo maana hakuwahi kupandishwa cheo. Alikuwa akichuma majani ya mpera, anayachemsha, anayachuja, anayaacha yapoe. Halafu anachukua chumvi inayotokana na madini ya fedha, ile fedha ya vikuku na pete, anaiyeyusha kwenye maji safi na kumiminia ule mchemsho wa majani. Maji yanakuwa ya njano hafifu. Unakaa unayatazama, na taratibu yanageuka rangi ya chai ya rangi.

"Hapo sasa zimezaliwa," alinieleza siku ya kwanza, ananionyesha chupa.

"Nini zimezaliwa? Mbona sioni kitu?"

"Huoni ndiyo raha yake! Chembe za fedha. Ukizipanga elfu moja kwenye mstari hazifikii unene wa unywele wako. Na kijidudu hakiwezi kukizoea kitu kinachokitoboa ngozi. Wenzetu wanaziunda kwa kemikali kali na mitambo ghali. Mimi nimepata mpera."

"Na mpera unafanya nini humo?"

"Unafanya kazi," akasema Sikudhani, "jambo ambalo katika hospitali hii linashangaza watu."

Akaloweka kitambaa cha bendeji, akamfunga Nyamizi. Siku ya pili harufu ilipungua. Siku ya tatu kingo za kidonda zilikuwa nyekundu safi, nyama changa inajipandia. Siku ya nne dada yangu, ambaye alikuwa anakataa hata uji, aliniuliza kwa nini nimekuja mikono mitupu, na kama mke wangu kasahau kupika pilau. Nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya dobi, nikaukumbatia ule mpera kama mjinga. Watu wa dobi wakanicheka, nami nikawaacha wacheke.

*

Siku ya tano akaja Bwana Mkwidu, Mkurugenzi wa Itifaki. Huyu ni mtu ambaye akiingia chooni humtazama kwanza aliyetangulia kama anamzidi cheo. Alisimama mguuni pa kitanda, akanusa, hakusikia harufu ya kidonda, akashtuka.

"Nani anaponya humu ndani?"

"Mimi," akasema Sikudhani.

"Kwa dawa gani?"

Akaelezwa. Akasikiliza mpaka mwisho, jasho linamtoka.

"Imezinduliwa na nani?"

"Haijazinduliwa. Inaponya tu."

"Inaponya kwa mamlaka ya nani?" akafoka. "Wewe binti, unajua nchi itakuwaje kila kitu kikianza kufanya kazi chenyewe? Leo dawa, kesho daraja!"

Akaagiza bendeji ibanduliwe. Ikabanduliwa pale pale, na nyama changa ikabanduka nayo, na dada yangu akapiga ukelele uliosikika mpaka jikoni. Bendeji ikatiwa kwenye bahasha kuwa ushahidi. Bahasha niliishika mimi. Bwana Mkwidu alisema, "Maganga, shika," nikashika. Tena kwa mikono miwili, kwa heshima.

Zile chupa za dawa, kumi za lita moja moja, zilihamishiwa ukumbini, zikapangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na meza ikazungushiwa utepe. Askari hakuwekwa. Utepeni hatuweki askari mbele ya utepe. Mtu wa kwetu anaweza kuruka ukuta wenye chupa zilizovunjika, lakini akiona utepe anasimama, anavua kofia na kuuliza uzinduzi ni lini.

Uzinduzi ulipangwa siku ya kumi. Mgeni rasmi: Mheshimiwa Dakta Bahatisha, Waziri wa Uzinduzi.

Nikapiga hesabu zangu. Ukifanyika siku ya kumi, daktari hatakata mpaka ya kumi na nne, na dawa ilikausha kidonda kwa siku nne tu. Nikamwambia dada, "Vumilia. Utaratibu ni utaratibu, lakini muda upo."

"Utaratibu huo," akasema Nyamizi, "una mguu?"

Nikamwambia asiseme kwa sauti.

*

Maandalizi yakapamba moto. Shina la mpera lilipakwa chokaa, kama ilivyo desturi mkubwa akija. Majani yake yote yalichumwa kupamba lango la kuingilia ukumbini. Sikudhani alipokwenda asubuhi kuchuma ili atengeneze dawa nyingine kimyakimya, alikuta kijiti cheupe kimesimama uchi. Akarudi akayalilia majani ya langoni, yalikuwa yameshakauka na kupigwa rangi ya dhahabu.

Utepe wenyewe ulihitajika mpya. Itifaki inasema mkuu wa wilaya anastahili utepe wa mita tano, mkuu wa mkoa kumi, waziri arobaini. Na nani mshonaji wa tepe za hospitali miaka yote? Dada yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtafutia ile kazi, nikajiona nimemfaa. Bwana Mkwidu hakuona sababu ya kubadilisha fundi. Jora la hariri nyekundu likaletwa wadini, Nyamizi akaegemezwa mto, akawa anapinda kingo kwa mkono, mita baada ya mita, mguu unamwaka moto chini ya shuka. Mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa aliuweka chini ya mto. Muuguzi mkuu alilalamika kwamba mkasi si kifaa cha mgonjwa, halafu akauazima kukatia kucha.

Siku ya tisa Bwana Mkwidu alikuja ukumbini kukagua. Akazizunguka chupa mara mbili.

"Hizo chembe ziko wapi?"

"Zimo humo," akasema Sikudhani.

"Sizioni."

"Hazionekani, mkurugenzi. Zikionekana maana yake zimegandamana. Zikigandamana hazina nguvu tena, ni taka."

"Unataka Mheshimiwa azindue chai?" Bwana Mkwidu akageuka kunitazama mimi, kana kwamba mpanga viti ndiye mwamuzi. "Maganga, umemsikia? Nchi kubwa hii, yenye ziwa, yenye mlima, ijivunie kitu kidogo kuliko unywele? Maadui watasemaje? Binti, zikuzwe!"

"Zikikuzwa zinakufa!"

"Basi zife zikiwa kubwa."

Uzinduzi ukaahirishwa mpaka chembe zikue.

*

Siku ya kumi na moja homa ya dada yangu ilirudi. Sikudhani alikwenda ofisini kwa Bwana Mkwidu, nami nikamsindikiza. Alipiga magoti. Mwanamke yule, mdomo ule, alipiga magoti kwenye zulia.

"Nipe kikombe kimoja tu, baba. Kimoja. Chupa kumi zipo huko, nani atajua?"

"Hotuba imeshaandikwa lita kumi," akasema Bwana Mkwidu kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Ukichota kikombe, Mheshimiwa atakuwa amesema uongo. Unataka Mheshimiwa aseme uongo?"

Sote tukamwonea huruma Mheshimiwa.

Siku ya kumi na mbili Mheshimiwa alikuwa anazindua mwavuli wa trafiki huko kaskazini. Siku ya kumi na tatu alikuwa anapumzika kutokana na kuzindua mwavuli. Chupa zetu zilikaa mezani, dirisha wazi, jua linaziwakia. Na asubuhi ya siku ya kumi na tatu, mimi ninayefuta vumbi viti na meza ile kila asubuhi, niliona jambo. Ile rangi ya chai ilikuwa imepauka. Chini ya kila chupa kulikuwa na tope la kijivu, unene wa kidole.

Nikaita watu. Bwana Mkwidu akaja mbio, akainama, akatazama. Machozi yakamlenga.

"Zimekua," akasema. "Jamani, zimekua!"

Mkurugenzi wa hospitali alishika chupa ya kwanza kupitia juu ya utepe, bila kuugusa, akaitikisa. Tope likapanda likashuka. Wauguzi wakapiga vigelegele. Wakanisukuma na mimi nipige makofi, nikapiga. Sikudhani alisimama mlangoni, amejishika kichwa. Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, "Mmeiua." Hapo hapo simu kutoka kwa Mheshimiwa ikaita, wote wakaikimbilia.

Siku ya kumi na nne, saa mbili asubuhi, mguu wa Nyamizi ulikatwa chini ya goti. Hapakuwa na kikwazo chochote. Msumeno wa hospitali ulishazinduliwa miaka tisa iliyopita.

*

Uzinduzi ulifanyika siku ya kumi na nane, na ulifana. Viti mia sita, sikukosea hata kimoja. Mheshimiwa Dakta Bahatisha alikata utepe wa mita arobaini, wenye pindo nzuri ambayo mtu mwenye homa hawezi kuishona, lakini dada yangu aliishona. Akashika kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa! Ndugu wananchi, zamani nchi hii ilikuwa haina chembe. Nani alikuwa anazo? Mabeberu! Leo chembe zetu zinaonekana kwa macho, na wataalamu wananiambia zao mpaka leo hazionekani. Tumewapita! Nimezitazama chembe hizi, nikaona zimetulia chini, kwa utii, zinangoja maelekezo. Utepeni oyee!"

"Oyee!" tukaitika.

"Chembe oyee!"

"Oyee!"

Halafu akataka kuzungumza na mnufaika. Kila uzinduzi lazima uwe na mnufaika, na kwenye karatasi ya itifaki mnufaika alikuwa mgonjwa wa Wadi Namba Sita aliyetumia dawa siku nne. Dada yangu akasukumwa mbele kwenye kiti cha magurudumu, khanga imefunika mapaja.

"Mama," akauliza Mheshimiwa, "dawa imekusaidia?"

Nyamizi alimtazama. Akanitazama mimi kule pembeni kwenye viti vyangu. Akavuta khanga.

"Imenisaidia sana, Mheshimiwa. Nilikuja na miguu miwili, kila mmoja unadai kiatu chake. Sasa nadaiwa kimoja."

Nikajua sasa tumekwisha. Lakini Mheshimiwa aliwaza kidogo, uso ukamng'aa, akaanza kupiga makofi, na waliokuwa nyuma yake wakapiga, na waliokuwa nyuma yao. Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa: GHARAMA ZA VIATU ZASHUKA KWA NUSU.

Siku tatu baadaye lile tope liligawiwa wadini. Vijidudu vya Namba Sita vililipokea vizuri, na havikupungua hata kimoja.

*

Miezi mitano ikapita. Marafiki wa nje walituletea shehena ya miguu ya bandia, mizuri, ina mikanda na viungo vinavyokunjika. Ikapangwa ukumbini, juu ya meza ileile, kitambaa kilekile, nami nikapanga viti vya majaribio. Bwana Mkwidu akanituma kwa fundi: utepe wa mita arobaini, bluu safari hii, na huyo fundi aje nao mwenyewe apimwe, maana ndiye mnufaika. Uzinduzi ungekuwa mwezi wa tatu, kama Mheshimiwa angekuwa hana mwavuli.

Nyamizi alikuja na magongo, mfuko begani. Sikudhani alikuwa naye, tangu aliposhushwa cheo kwenda kuosha chupa wamekuwa kama pacha. Fundi wa miguu akampima, akachagua mmoja, akamvisha, akakaza mikanda. Dada akasimama. Akakanyaga chini mara mbili, tap, tap, kama anajaribu cherehani. Niliuona uso wake ukibadilika. Tangu siku ile ya pilau sikuwahi kuuona hivyo.

"Unamfaa," akasema Bwana Mkwidu. "Haya, uvuliwe. Mpaka uzinduzi."

Ukavuliwa. Ukarudishwa mezani. Bwana Mkwidu akauchukua utepe mpya mikononi mwa aliyeushona, akauzungusha kwenye meza, akafunga fundo, akarudi nyuma kuutazama kwa kichwa upande.

Nyamizi akakaa kwenye kiti changu cha mbele kabisa, kile cha mgeni rasmi. Nilitaka kumwambia ahame, nikaishia kunyoosha kiti cha jirani. Akafungua mfuko akatoa mkasi wake wa kukatia vitambaa. Akainuka kwa gongo moja, akaruka hatua tatu, akakata.

Kacha.

"We mama!" Bwana Mkwidu akabaki na mkono hewani. "We mama, itifaki!"

Dada aliuruka utepe ulioanguka. Alichukua mguu wake, akakaa chini sakafuni, akaufunga mkanda mmoja, akaufunga wa pili. Tulisubiri paa lidondoke. Halikudondoka. Bwana Mkwidu alikimbilia simu, lakini hakujua ampigie nani, kwa sababu jambo hilo halikuwa na fomu. Sikudhani alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na mfukoni mwa koti lake la maabara kulikuwa kumejaa majani mabichi ya mpera. Kumbe mti ulishachipua zamani, nani anautazama mti ambao mkubwa ameshaondoka?

Dada akasimama, akatembea. Alipita katikati ya viti vyangu mia sita, akavisukuma kwa nyonga, akaharibu mistari niliyoinyoosha kwa kamba asubuhi nzima. Aliponifikia akasimama, akanipa mkasi nimshikie ili aweke sawa khanga. Nikaushika kwa mikono miwili, kama nilivyoishika ile bahasha.

"Mzito," nikasema.

"Ni huu huu," akasema Nyamizi. "Ulikuwa chini ya mto wangu siku zote zile, Maganga. Na wewe ulikuwa unafuta vumbi kwenye ile meza kila asubuhi. Mbona hukuniomba?"